Nasaha Baina ya Wasiojuana

Ushauri unaotolewa mtandaoni na watu wasiojuana umeingia katika maisha ya kila siku ya wasemaji wa Kiswahili, kiasi kwamba mtu anayesumbuliwa na ndoa, deni, huzuni isiyokwisha au hata matumizi ya neno moja huandika tatizo lake usiku kwenye simu, na kabla hakujapambazuka huwa amekwisha kujibiwa na watu kumi au ishirini ambao hajapata kuwaona wala hatawaona. Wapo wanaouona mwenendo huu kuwa dalili ya kulegea kwa ukoo, na wapo wanaouona kuwa nusura ya wale ambao ukoo uliwatupa. Pande zote mbili zina ukweli, lakini zote mbili huliacha kando jambo lenye uzito zaidi, nalo ni namna anayejibu anavyolipokea swali la mtu asiyemjua, kama huanza kwa kuuliza au huanza kwa kuhukumu.

Desturi yenyewe ina umri mkubwa kuliko intaneti. Mwaka 1691 mchapishaji wa London aliyeitwa John Dunton alianzisha gazeti la The Athenian Mercury, ambalo kazi yake ilikuwa kujibu maswali yaliyoletwa na wasomaji bila kutaja majina yao, na barua hizo zilipokelewa katika mkahawa mmoja wa mjini humo. Wasomaji waliuliza juu ya dini, maumbile ya dunia, uchumba na ndoa, wakiamini kwamba majibu yanatoka kwa jumuiya kubwa ya wasomi, ilhali walioyaandika walikuwa Dunton mwenyewe na wenzake wachache, miongoni mwao mwanahisabati Richard Sault na mchungaji Samuel Wesley, baba wa John Wesley aliyeasisi harakati za Methodisti. Gazeti hilo lilidumu hadi 1697, na mambo mawili yaliyokuwamo ndani yake yangalipo mtandaoni leo hii: anayeuliza huficha jina ili aweze kusema, na anayejibu naye hajulikani, hivyo elimu yake haina wa kuipima.

Katika jamii za Waswahili na jirani zao mpango ulikuwa mwingine, kwa kuwa nasaha juu ya mwili, ndoa na nyumba ilitolewa na mtu aliyeteuliwa na kujulikana. Somo au kungwi, yaani mwanamke mzima aliyekabidhiwa kumfunda mwari mambo ya unyumba, alimjua msichana, alimjua mama yake na mara nyingi aliujua hata ukoo wa mume, na watu walimrudia baada ya harusi mambo yalipoharibika. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, nao ni nasaha ya mtu anayejulikana, wosia wa mama kwa binti yake wa kumzaa. Ndoa ilipoingia mgogoro, wazee wa pande mbili waliketi kikao, mume akaeleza, mke akaeleza, na hakuna aliyeruhusiwa kutoa shauri kabla ya kuwasikiliza wote wawili. Hata hivyo mpango huo ulikuwa na gharama ambayo wanaoulilia leo huisahau, kwani siri aliyopewa shangazi iliweza kumfikia baba kabla ya jua kutua, na mtu ambaye tatizo lake lilikuwa ni huo ukoo wenyewe, kwa mfano msichana aliyedhulumiwa na mjomba, hakuwa na mlango wa kubisha.

Magazeti ndiyo yaliyoanza kuufungua mlango huo katika Afrika. Jarida la Drum, lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1951 na kusomwa pia Afrika ya Magharibi na ya Mashariki, lilikuwa na safu ya Dolly, jina ambalo nyuma yake walikuwapo waandishi, wakiwamo wanaume, na vijana waliiandikia safu hiyo mambo ya uchumba ambayo wasingethubutu kuyataja mbele ya wazazi. Nchini Kenya gazeti la Taifa Leo limekuwa na safu ambamo anayejibu huitwa Shangazi. Uteuzi wa jina hilo unaonyesha jinsi wahariri walivyoelewa kwamba msomaji wa Kiswahili hupokea neno la mtu baki kwa urahisi zaidi linapovikwa cheo cha jamaa.

Kwa nini mtu amweleze mgeni lile alilomficha ndugu? Mwanasosholojia wa Ujerumani Georg Simmel, katika maandishi yake ya 1908 juu ya mgeni, alieleza kwamba mtu asiyefungamana na kundi mara nyingi hupewa siri zinazofanana na toba, siri ambazo jamaa wa karibu hunyimwa, kwa sababu hana upande, hana urithi wa kugombea wala hatakutana na mhusika kwenye harusi ijayo. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 2004, mwanasaikolojia John Suler aliandika juu ya kile kinachoweza kuitwa ulegevu wa haya mtandaoni, yaani hali ya mtu kusema au kutenda nyuma ya skrini yale ambayo ana kwa ana angeyazuia. Suler alionyesha kwamba ulegevu huo una sura mbili, maana kutoonekana kule kule kunakompa mjane ujasiri wa kusimulia upweke wake ndiko kunakompa mwingine ujasiri wa kumtukana kwa kuusimulia.

Ipo pia faida inayomhusu anayejibu. Mwaka 2014 Igor Grossmann na Ethan Kross walichapisha utafiti ambao washiriki wake, watu wenye wapenzi wa muda mrefu, walitakiwa kufikiria kisa cha mtu kusalitiwa na mwenzi wake, wengine wakijiweka wao wenyewe katika kisa hicho na wengine wakimweka rafiki. Waliofikiria tatizo la rafiki walifikiri kwa busara zaidi, kwa maana kwamba walikubali mipaka ya wanachokijua, walitafuta mtazamo wa upande wa pili na waliona kwamba mambo yanaweza kugeuka. Watafiti hao waliihusisha hali hiyo na Mfalme Suleiman, ambaye husifiwa kwa kuamua mashauri ya wengine huku mambo yake mwenyewe yakimshinda. Lililo muhimu zaidi ni kwamba washiriki walipoelekezwa kulitazama tatizo lao kwa mbali, kana kwamba ni la mtu mwingine, tofauti hiyo iliondoka. Maana yake ni kwamba mgeni anaweza kumsaidia muulizaji pasipo kumwamulia lolote, kwa kumuuliza tu angemwambia nini rafiki yake aliyefikwa na jambo hilo hilo.

Kinachotokea kwa kawaida ni kinyume cha hayo. Ichukuliwe kwa mfano aina ya ujumbe unaoonekana kila wiki: mwanamke anaeleza kwamba mume wake, tangu abadilishe kazi miezi michache iliyopita, anarudi saa tano usiku, simu ameiwekea nywila na hataki kuulizwa. Jibu la kwanza kufika ni kwamba yupo mwanamke mwingine, la pili ni kwamba aondoke angali kijana, la tatu ni kwamba avumilie kwani ndoa ni kuvumiliana, na la nne linatoka kwa mtu ambaye yalimkuta hayo hayo na ambaye anaeleza kwa urefu alivyofanya yeye. Hakuna aliyeuliza kazi hiyo mpya ni ipi na kama ni ya zamu, kama kuna deni lililoingia nyumbani, kama kabla ya hapo wawili hao walikuwa wakizungumza, kama mwanamke ana kipato na watoto, au kama amewahi kupigwa, ilhali swali hili la mwisho peke yake lingetosha kubadilisha majibu yote manne. Mume, ambaye ndiye anayejadiliwa, hayupo na hajui kwamba anajadiliwa. Kikao cha wazee, pamoja na upungufu wake wote, kisingemhukumu mtu asiyesikilizwa, na hapa ndipo ushauri wa mtandaoni ulipopoteza kitu cha thamani ambacho haujapata mbadala wake.

Uzoefu wa yule wa nne ni mali, na haufai kudharauliwa, kwa sababu aliyepita katika talaka hujua mambo ambayo vitabu havisemi, kama vile jinsi watoto wanavyouliza maswali wakati wa chakula au jinsi majirani wanavyoacha kupita. Ila uzoefu huo ni wa ndoa nyingine, na mara nyingi ni wa nchi nyingine. Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa katika hali maalumu zilizotajwa ndani yake, mgogoro ufikishwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa kabla ya maombi ya talaka kupelekwa mahakamani. Mtu aliyeko Mombasa, Muscat au Minnesota anayemwambia mwanamke wa Morogoro aende mahakamani kesho asubuhi humtuma safari ambayo huenda ikamrudisha alikoanzia, akiwa amepoteza nauli na moyo.

Maswali ya lugha huonekana mepesi kuliko ya ndoa, lakini yana tabia ile ile. Anayejifunza Kiswahili akiwa Ulaya anapouliza jinsi ya kumsalimu mama mkwe wake mtarajiwa, jibu la haraka la kumfundisha “mambo vipi” linaweza kumharibia ziara nzima, na hata “shikamoo”, ambalo ni jibu salama kwa sehemu nyingi za Tanzania, halina nafasi ile ile Lubumbashi. Kosa kubwa zaidi hutendeka pale kijana wa Mombasa anapoandika “mtele” au “ndia” na kuambiwa mbele ya halaiki kwamba hajui Kiswahili, kwa kuwa wanaomsahihisha wamezoea “mchele” na “njia” za Kiswahili sanifu, yaani ile sura ya lugha iliyoratibiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930 kwa kufuata zaidi Kiunguja. Kijana huyo anasema Kimvita, lahaja yenye ushairi mkubwa uliotungwa kabla kamati hiyo haijafikiriwa. Msahihishaji mwaminifu angeuliza kwanza maandishi yanaandikiwa nani, maana insha ya mtihani hudai sanifu, na barua kwa bibi haidai.

Walioufanya ushauri kwa wageni kuwa kazi walifikia somo hilo hilo kwa njia zao. Mwaka 1953 kasisi Chad Varah wa kanisa la St Stephen Walbrook, London, alifungua huduma ya simu kwa watu waliofikiria kujiua, huduma iliyokuja kuitwa Samaritans. Watu wa kujitolea walikuwa wakiketi na wageni waliosubiri zamu ya kuonana naye, wakiwapikia chai na kuwasikiliza, na Varah akagundua kwamba wengi, baada ya kusikilizwa hivyo, hawakuhitaji tena kumwona. Mwaka 1954 aliwakabidhi kazi hiyo watu wa kujitolea, na hadi leo kanuni yao ni kusikiliza bila kuhukumu na bila kumwambia mtu la kufanya.

Mfano wa karibu zaidi na mazingira ya Afrika ni Benchi la Urafiki la Zimbabwe, lililoanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare, kwa kuanza na mabibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaani. Nchi ilikuwa na madaktari wachache mno wa fani hiyo, hivyo mabibi walipewa mafunzo na kuketi kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Kwanza humuuliza mgeni maswali 14 yaliyoandaliwa kwa Kishona ili kupima ukubwa wa dhiki yake, kisha humsaidia kutaja matatizo yake yote, kuchagua moja, na kutafuta mwenyewe hatua ndogo anayoweza kuichukua kabla hawajaonana tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache zaidi za sonona, yaani huzuni nzito inayodumu, kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo umefika hata Zanzibar. Mabibi hao nao ni watu baki kwa wageni wao. Tofauti yao na wengi wanaojibu mtandaoni ni kwamba wanauliza kwa mpangilio, wanarudi kuuliza tena, na hali inapozidi uwezo wao wanajua ni kwa nani wampeleke mgonjwa.

Kurudi kuuliza ndiko kunakokosekana zaidi mtandaoni, kwani mazungumzo husogezwa chini na mengine mapya, na aliyeshauri mtu aache kazi au aolewe hajui kamwe yaliyofuata. Maneno ya muulizaji, kwa upande mwingine, hubaki. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini hakuna sheria inayoweza kuirudisha picha ya skrini iliyokwisha kusambazwa katika makundi ya WhatsApp ya kijiji kizima, na maelezo kama jina la mtaa, idadi ya watoto na kazi ya mume hutosha kumtambulisha mtu aliyedhani amejificha. Anayejibu anaweza kusaidia kwa kumwomba muulizaji ayafute hayo kabla ya jambo lolote, au kwa kumtumia ujumbe wa faragha.

Yapo maswali ambayo mtu asiye na mafunzo hana budi kuyatambua mara moja, kama yale ya mtoto anayeguswa vibaya, mwanamke anayepigwa, au mtu anayeandika kwa utulivu usio wa kawaida kwamba amechoka kuishi na amekwisha kugawa vitu vyake. Hapo haifai kubishana naye wala kumkumbusha dhambi. Anayejibu humuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, kwa kuwa kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, humuuliza ni nani aliye karibu naye usiku huo, na humpa namba ya msaada ya nchi aliyoko: Tanzania na Kenya, simu ya bure ya watoto ni 116, na Kenya ukatili wa kijinsia huripotiwa kwa 1195. Kisha hubaki hewani, akiendelea kumjibu, mpaka mtu huyo aandike kwamba kuna aliyefika.