Ruhuka wa kahawa Mbozi: Vita huanza baada ya mavuno

MSAFIRI atokaye mpakani Tunduma kuelekea Mbeya hupita katika wilaya ya Mbozi, ambako mibuni ni tegemeo la kaya nyingi za mkoa wa Songwe. Mvua za huko ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Msimu huo hautawali mibuni pekee, bali pia wadudu wanaoishambulia.

Mmoja wao ni ruhuka, mdudu mweusi mwenye mabawa magumu na urefu usiofikia milimita mbili. Jike hutoboa tunda la kahawa upande wa kitovu, huingia katika punje na kutaga mayai. Funza wanaoanguliwa huila punje hiyo wakiwa wamejificha, hivyo dawa inayopulizwa juu ya matunda huwafikia kwa nadra. Mara nyingi mkulima huiona hasara siku ya kumenya kahawa, punje nyepesi zinapoelea majini.

Je, mavuno yakiisha, ruhuka huishi wapi? Hubaki ndani ya matunda yaliyosahauliwa mtini na yale yaliyodondoka chini. Tunda moja kavu huweza kuhifadhi makumi ya wadudu. Mvua za kwanza zikinyesha, majike hutoka kutafuta matunda ya msimu mpya, na idadi yao huongezeka kadiri matunda hayo yanavyokomaa.

Kimatira ana tabia tofauti. Mdudu huyu mwenye umbo la ngao na madoa ya rangi ya machungwa na nyeupe hufyonza vitumba vya maua na matunda mabichi. Vitumba hugeuka vyeusi, matunda hupukutika, na tundu analoacha huwa njia ya kuvu inayoozesha punje. Hupenda mibuni yenye matawi yaliyosongamana. Wadudu wawili tu katika mti mmoja wanatosha kuleta hasara.

Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye kituo Mbimba wilayani Mbozi, imesambaza miche bora inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Hata hivyo, hayo ni magonjwa ya kuvu. Mkulima aliyepanda miche hiyo hajapata kinga dhidi ya ruhuka wala kimatira, na akidhani shamba lake liko salama, huweza kupoteza sehemu ya fedha alizozitegemea kwa ada na chakula cha mwaka mzima.

Kinga ya gharama ndogo ni kazi ya mikono. Mavuno yakimalizika, matunda yote yaliyobaki mtini huchumwa, yaliyo chini huokotwa, kisha huchomwa au kufukiwa kwa kina. Matawi hupogolewa ili mwanga na hewa vipite, kimatira akose maficho. Kazi hiyo ikikamilika kabla ya mvua za Novemba, ruhuka wa msimu ujao hukosa pa kuanzia. Ikicheleweshwa, mkulima huwa amewahifadhia wadudu chakula kwa mikono yake mwenyewe.