Utu na Dhambi: Je, Maadili Halisi Yanategemea Kuwapo kwa Mungu?

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali la kale la falsafa ya maadili: iwapo wema na uovu ni mambo halisi, yaani yasiyogeuka kwa rai ya mtu wala ya jamii, je, uhalisi huo unategemea kuwapo kwa Mungu? Swali linatazamwa kwa mwanga wa msamiati wa Kiswahili na wa jambo linalofahamika katika viunga vya Dar es Salaam, kama vile Tandale katika Wilaya ya Kinondoni na Mbagala katika Wilaya ya Temeke: mtu anayedhaniwa kuwa mwizi kupigwa na umati, na pengine kuchomwa moto hadi kufa. Magazeti yamezoea kuwaita watendaji hao "wananchi wenye hasira kali". Maneno hayo yanataja hasira, uuaji hayautaji.

2.0 Msamiati wa Lawama

Kiswahili kina njia kadhaa za kulaumu. Neno dhambi, lenye asili ya Kiarabu, hutumiwa na Waislamu na Wakristo sawia, na kwa kawaida humdokeza Mungu. Asiyeamini anaweza kukiri kosa, lakini ni vigumu kwake kukiri dhambi. Kosa huhitaji tu kanuni iliyovunjwa au mtu aliyetendewa. Neno la tatu ni utu. Limejengwa kwa mzizi ule ule wa mtu, na asemaye "yule hana utu" hamtaji Mungu wala sheria. Hudai kwamba mtendaji amepungukiwa na kile kinachomstahilisha kuitwa mtu.

Ushahidi huu una mipaka, kwani kuwapo kwa neno hakuthibitishi kuwapo kwa kitu. Unachoonyesha ni kwamba wasemaji, ambao wengi wao ni wacha Mungu, hutenganisha lawama ya kidini na lawama ya kiutu.

3.0 Mitazamo Mikuu

Katika Euthyphro, mojawapo ya majadiliano yaliyoandikwa na Plato, Sokrate anauliza iwapo jambo takatifu hupendwa na miungu kwa kuwa ni takatifu, au ni takatifu kwa kuwa hupendwa. Wanatheolojia wa Kiislamu nao waligawanyika. Wamu'tazila walishikilia kwamba akili yaweza kutambua wema na uovu hata bila ya wahyi, ilhali wafuasi wa al-Ash'ari, tangu karne ya 10, walishikilia kwamba kitendo huwa chema kwa kuwa Mungu amekiamuru. Katika karne ya 13, Thomas Aquinas alifundisha kwamba akili huijua sheria ya maumbile, lakini chimbuko la sheria hiyo ni Mungu.

Fundisho la Aquinas linasaidia kutenganisha maswali ambayo huchanganywa: wema hujulikanaje, chimbuko lake ni nini, na ni nini kinachomsukuma mtu kuutenda. Katika riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, Kazimoto, kijana msomi, anapoteza matumaini na mwishowe anajiua. Msomaji anaweza kudai kwamba hapo imethibitishwa kuwa bila Mungu hakuna maadili. Dai hilo linavuka mipaka ya ushahidi. Riwaya yaweza kuonyesha jinsi msukumo wa kuishi unavyokatika. Haithibitishi kwamba uovu umekoma kuwa uovu.

4.0 Umati na Mtu Mmoja

Pingamizi zito zaidi linatokana na methali "Mtu ni watu". Ikiwa utu ni makubaliano ya jamii tu, mtaa mzima unapokubaliana kuua, hakuna kosa lililotendeka. Hata hivyo, mtu mmoja anayejitokeza na kusema, "Huyu naye ni mtu", haelezi rai ya walio wengi, anaipinga. Kauli yake hueleweka, na huweza kuwa kweli, hata akiwa peke yake. Kwa hiyo utu si jina jingine la makubaliano.

Inafaa itajwe pia kwamba imani pekee haikuwa kinga, kwa sababu katika umati wa namna hiyo huweza kuwamo waumini wa dini mbalimbali. Mpinzani naye hakuhitaji kuthibitisha kwanza kuwapo kwa Mungu ili kauli yake ieleweke. Katiba ya mwaka 1977 inafuata mkondo huo: ibara ya 3 inaitaja nchi kuwa isiyo na dini, lakini ibara ya 12 inatamka usawa wa binadamu na ya 14 haki ya kuishi.

Muumini bado ana swali la haki: kwa nini mtu awe na thamani ambayo umati hauwezi kuifuta? Kujibu "kwa kuwa ni mtu" ni kurudia dai. Yeye husema thamani hiyo imetoka kwa Muumba. Hapo swali la Sokrate hurejea: je, Muumba angeweza kuamua vinginevyo? Kama hangeweza, ipo sababu ambayo amri peke yake haiielezi.

5.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kuujua wema hakutegemei mwafaka juu ya Mungu. Suala la chimbuko halijafungwa, kwani asiyeamini naye anadaiwa maelezo ya thamani anayoitetea. Tofauti hiyo ina uzito mitaani. Kama lawama zote zingekuwa za dhambi, anayezuia fimbo angesikilizwa na watu wa dini yake tu. Kwa kuwa lipo neno utu, anaweza kusikilizwa na jirani yeyote.