Filta Iliyofichwa Tangini

Miongoni mwa maneno yanayovuma siku hizi katika karakana zilizo kando ya barabara itokayo Mariakani hadi Mavueni, hasa pale Kaloleni ambapo magari husimama kupoza injini na abiria wakashuka kununua madafu, ni neno la kwamba gari la kisasa halihitaji tena kubadilishwa filta ya mafuta, kwa kuwa waliolitengeneza wameitia ndani ya tangi na kuikadiria umri sawa na umri wa gari lenyewe. Neno hili si uzushi mtupu. Lina asili yake, na mtu mwenye insafu hana budi kuieleza asili hiyo kabla ya kulikataa neno.

Zamani za Land Rover na Peugeot 504, filta ilikuwa kitu cha kuonwa kwa macho. Ilikaa karibu na injini, mara nyingine ikiwa na bakuli dogo la kioo ambalo dereva aliweza kulitazama asubuhi akajua kama maji au mchanga umetuama chini, akalifungua kwa mkono, akalifuta kwa kitambaa, akashika njia yake. Magari mengi ya petroli ya leo, aghalabu yale ya Kijapani yanayoteremshwa Mombasa, yana filta iliyofungwa pamoja na pampu ndani ya tangi, chini ya kiti cha nyuma, na vitabu vya baadhi ya viwanda haviutaji kabisa muda wa kuibadilisha. Kisichotajwa kitabuni na kisichoonekana kwa macho husahauliwa upesi, na hapo ndipo dai lilipozaliwa.

Umri huo, hata hivyo, ulikadiriwa kwa ajili ya mnunuzi wa kwanza, aliyejaza tangi lake katika vituo vya nchi yake akaliuza gari baada ya miaka michache. Kenya huruhusu gari lililotumika kuingia nchini maadamu halijapindukia miaka 8, na likifika mikononi mwa mtu wa Kaloleni ndipo linapoanza maisha yake ya pili, ambayo aghalabu huwa marefu kuliko ya kwanza na yenye mashaka zaidi: vumbi la njia ya Bamba, vilima vya Rabai na Ribe, mzigo wa nazi na maembe juu ya keria, na mafuta yaliyopitia mikono mingi.

Si haki kusema kwamba mafuta yanayoshushwa bandarini Kipevu ni machafu. Tangu kiwanda cha Changamwe kilipoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, petroli na dizeli hutufikia melini zikiwa tayari, na tangu Januari 2015 dizeli inayokubaliwa nchini ni ile ambayo salfa yake haizidi sehemu 50 katika milioni. Uchafu huyapata njiani: katika lori, katika tangi lililofukiwa chini ya kituo ambalo maji ya masika hulipenya kwa kifuniko kilicholegea, na zaidi ya yote katika jerikeni na chupa za plastiki ambazo petroli huuzwa nazo vijijini kwa waendesha bodaboda, juu ya meza ya mbao, juani, mbali na kituo chochote. Mwenye gari aliyeishiwa usiku hununua huko huko, naye hana la kufanya.

Filta ya petroli ikianza kuziba, gari hunguruma vizuri likiwa limesimama, na kwenye tambarare halina neno. Lakini likianza kukipanda kilima huku limejaa abiria, huishiwa nguvu, likasitasita, likamisi, na pampu iliyo tangini ikatoa mlio mwembamba usiokuwapo zamani, kwa kuwa inasukuma mafuta mahali pasipopitika. Pampu inayofanya kazi hivyo siku nenda siku rudi haina maisha. Inasikitisha kuona mtu mwenye kipato kidogo akiuziwa plagi mpya, kisha koili, kisha pampu nzima, kabla ya yeyote kukiinua kiti cha nyuma akaitazama filta. Rai yangu ni kwamba kwa gari la petroli, kila kilomita 80,000 si mapema mno, na kwa anayenunua mafuta ya chupa hata nusu ya hizo si mapema.

Kwa dizeli hakuna mjadala. Mfumo wa kunyunyizia dizeli ambao mafundi huuita komoni-reli, uliowekwa na Denso katika lori la Hino mwaka 1995 na kuingia katika magari madogo kwa Alfa Romeo 156 mwaka 1997, ulianza na shinikizo lipatalo mara 1,350 ya lile la hewa, na leo umepita 2,000. Nao ndio uliomo katika Hiace na Hilux nyingi zinazobeba watu na mizigo kati ya Mazeras na Kilifi. Tundu za nozeli zake zina upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na ndani ya injekta vyuma vinapishana kwa nafasi ndogo mno kuliko hiyo, hata chembe ya mchanga isiyoonekana kwa jicho huvikwaruza. Maji ni adui mkubwa zaidi, nayo pwani yetu haina uhaba wa unyevu: tangi lililoachwa nusu usiku kucha hutoa jasho kwa ndani, na jasho hilo huzama chini ya dizeli.

Ndiyo sababu filta ya dizeli ina koki chini yake. Fundi mwangalifu hukinga chupa iliyokatwa, huilegeza koki kwa vidole, kisha huibonyeza mara kadhaa pampu ya mkono iliyo juu. Kwanza hutoka kitu cheusi kizito, kisha maji, ambayo hutulia chini ya chupa yakijitenga na dizeli kwa mstari ulio dhahiri, na mwishowe dizeli safi ya manjano, hapo akaifunga koki. Ni kazi ya dakika chache isiyohitaji spea yoyote, na bado wako madereva wanaoiona taa ya onyo ikiwaka mbele yao juma zima wakaizoea.

Lakini filta isipewe sifa isiyo yake. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli kwa ghushi hupita ndani yake bila kizuizi, kwa sababu yameyeyukiana na dizeli yakawa kitu kimoja, na madhara yake, yaani kuinyima pampu ulaini wa kuilinda, hayazuiliki kwa karatasi. Dawa ya ghushi ni sheria na ukaguzi: mwaka 2018 Kenya ilitoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili ile faida ya kughushi iondoke, na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hupima mafuta vituoni kwa alama ya kemikali. Tozo hiyo iliwaumiza maskini wanaowasha taa na majiko kwa mafuta hayo, na sioni kama ni uadilifu kuyataja manufaa yake bila kuwataja wao.

Iko pia desturi moja inayonikera kuliko zote, nayo ni ya kuipuliza filta kuukuu kwa kompresa na kuirudisha, au kuikata na kuitupa kabisa ili gari "lipumue". Upepo huipasua karatasi na kuusukuma uchafu mbele, na gari lisilo na filta hupata nguvu kwa majuma machache, kisha injekta ndizo zinazolipa, na seti ya injekta za dizeli huweza kumgharimu mwenye matatu mapato ya miezi.

Anayenunua gari lililotoka ng'ambo hupewa aghalabu kitabu cha matengenezo kilichoandikwa Kijapani, au hapewi kitu, na huenda mita ya kilomita imerudishwa nyuma na asiyemwogopa Mungu. Basi na aibadilishe filta mwezi ule ule wa kwanza, kwa fundi atakayeondoa kwanza fyuzi ya pampu na kuiacha injini iwake hadi izimike ili shinikizo lishuke, asiyevuta sigara karibu na tangi lililo wazi, na atakayetia mpira mpya wa kuzuia harufu ya petroli isiingie ndani ya gari. Na tarehe pamoja na kilomita ziandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya kifuniko kilicho chini ya kiti, apate kuzisoma fundi atakayekiinua kiti hicho baada yake.