Je, Dini Yatufanya Wenye Huruma au Mahakimu?

Msomaji mpenzi, Jumapili twasali, na katekisimu twaijua. Lakini jirani asiye wa dini yetu akituangalia, aona nini? Aona watu wenye huruma, au watu wepesi wa kuhukumu? Swali hili tusilikimbie.

Sikiliza habari hii. Huko Princeton, Marekani, wataalamu wawili, John Darley na Daniel Batson, waliwapima wanafunzi 40 wa chuo cha dini, wakatangaza habari zake mwaka 1973. Kila mwanafunzi alitumwa nyumba ya pili akatoe hotuba. Baadhi yao walipewa kusema juu ya Msamaria Mwema. Njiani aliwekwa makusudi mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kuugua. Waliomsaidia walikuwa 16 tu. Katika wale walioambiwa kuwa wamechelewa, alisaidia mmoja katika kumi; katika wale wasio na haraka, 63 katika mia. Kuwa na hotuba ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti kubwa. Wako hata waliomruka mgonjwa yule, wakiwahi kwenda kumsifu Msamaria!

Lakini tusiwacheke. Nyani haoni kundule. Tazama msiba kijijini kwetu. Amefariki mtu ambaye hakuja jumuiya, au hakufunga ndoa kanisani, au hakutoa zaka. Jeneza halijapigwa msumari, maneno yameanza: "Huyo tusiende kumzika." Mjane analia, sisi twahesabu mahudhurio! Maaskofu wa Afrika Mashariki walipotia mkazo jumuiya ndogo ndogo mwaka 1976, walitaka Wakristo waishi kidugu. Hawakuunda baraza la kuhukumu maiti.

Huenda ukasema, "Kanisa lina sheria zake." Ni kweli. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1184, yataja watu wasiopewa mazishi ya Kanisa, ikiwa hawakuonyesha dalili yoyote ya kutubu kabla ya kufa. Tena penye shaka, yaagiza aulizwe askofu wa mahali. Basi neno hilo haliamuliwi kisimani wala kilabuni. Wala hakuna sheria inayotukataza kuchimba kaburi, kuchota maji, au kuwapikia wafiwa uji. Kuzika wafu ni mojawapo ya matendo 7 ya huruma ya kimwili tuliyofundishwa. Tobiti aliwazika ndugu zake huko Ninawi, ingawa kwa ajili hiyo mfalme alitaka kumwua na mali yake yote ikachukuliwa. Sisi twaogopa nini? Midomo ya wenzetu tu.

Je, imani yaweza kutufanya wema? Yaweza sana. Lakini jembe lililotundikwa ukutani halilimi. Wanafunzi wale waliujua mfano wa Msamaria. Kilichowapungukia ni kusimama. Na mwenye kuhukumu naye ni mtu wa haraka: ameamua kabla ya kuuliza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakaposikia jina la mtu linasemwa vibaya, au kilio kimetokea nyumba isiyopendwa, simama kwanza. Kisha uliza: Wamekula? Watoto wana nani? Kuni zipo? Ukiisha kuyajibu hayo kwa mikono yako, mengine mwachie Mungu. Yeye aijua mioyo.