Maradhi ya Kutupa Mimba na Hatari Yake kwa Wachinjaji

Watu wa Mishomoroni, ng'ambo ya Daraja la Nyali, hula nyama ya wanyama ambao hawakuwaona wakikua. Ng'ombe na mbuzi wengi wanaochinjwa Mombasa huletwa kutoka bara, pande za Taita, Tana River na Garissa, nao hupita minadani na mikononi mwa wachuuzi kadha wa kadha kabla ya kufikia kisu. Mnunuzi hutazama macho ya mnyama, pua, manyoya na mwendo wake; akimwona mnene na mchangamfu, hulipa fedha zake na kwenda zake. Lakini yako maradhi yasiyojulikana kwa kutazama, nayo ni brusela, ambayo wafugaji wengi huyaita maradhi ya kutupa mimba.

Maradhi haya huletwa na vijidudu vidogo mno. Katika mnyama jike hupenda kukaa kwenye mfuko wa uzazi na kiwele. Akiwa na mimba, huiharibu, na mara nyingi mimba hutoka katika miezi ya mwisho. Baada ya hapo mama hupona, hula majani kama wenziwe, na huenda akazaa salama mara ya pili; walakini vijidudu hubaki mwilini mwake na kutoka katika maziwa na katika kondo la nyuma kila azaapo.

Jambo hili liliwashangaza hata waganga wenye elimu. Mwaka 1887 David Bruce, mganga wa jeshi la Uingereza, aliviona vijidudu hivyo katika miili ya askari waliokufa kwa homa kisiwani Malta. (Ndiye Bruce yule aliyefika Uganda mwaka 1903 kuchunguza maradhi ya malale.) Ilipita miaka 18 bila kujulikana homa ile inaingilia wapi. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, mganga mwenyeji wa Malta, alipima damu ya mbuzi wa kisiwa hicho akaukuta ugonjwa humo, ijapokuwa mbuzi wenyewe walikuwa wazima kwa kuwatazama. Mwaka uliofuata askari walikatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikatoweka kambini karibu yote.

Sasa yafaa kufikiri jinsi mnyama mgonjwa anavyofika machinjioni. Mfugaji ambaye ng'ombe wake ametupa mimba mara mbili huona hasara. Hana ndama, wala hana maziwa. Afanye nini? Humpeleka mnadani, naye asiyejua habari zake humnunua kwa ajili ya bucha. Hivyo mnyama aliyetolewa katika kundi kwa sababu ya ugonjwa ndiye anayewekwa mbele ya mchinjaji, na mfugaji hakusema neno. Pengine hakuulizwa. Vivyo hivyo makundi yanayochanganywa njiani, malishoni na penye maji huambukizana, na wanyama waliotoka kwa wenyewe wengi huwa na hatari kubwa kuliko wale wa zizi moja.

Wengi hudhani hatari iko katika nyama mezani. Sivyo hasa. Katika mnofu vijidudu ni vichache, na nyama iliyopikwa ikaiva haina madhara haya. Anayehatarishwa zaidi ni yule mwenye kisu, na yule kijana anayeosha matumbo. Mfuko wa uzazi, kiwele, wengu na tezi huweza kujaa vijidudu, na mnyama akichinjwa na mimba tumboni hatari huzidi. Vijidudu huingia penye mkwaruzo wa mkono, hurukia macho pamoja na matone ya damu, na hata huvutwa puani. Ukaguzi wa nyama ni jambo la maana sana, lakini brusela mara nyingi haiachi alama ambayo mkaguzi aweza kuiona kwa macho. Kwa hiyo mhuri wa bluu haumkingi mchinjaji aliyekwisha kutia mkono.

Mtu aliyepatwa huanza kuugua baada ya wiki moja hadi nne, na pengine baada ya miezi. Homa huja na kuondoka, usiku hutoka jasho jingi, kiuno na viungo huuma, na mwili hukosa nguvu. Wanaume wengine huvimba korodani. Hapa pwani mtu wa namna hiyo husema ana malaria, hunywa dawa, hupata nafuu siku mbili tatu, kisha homa hurudi. Mchinjaji mwenye homa ya namna hii na amwambie mganga kazi anayofanya, kwa maana pasipo habari hiyo mganga huenda asifikirie brusela. Damu hupimwa, na vipimo vya haraka vyaweza kukosea. Dawa zake ni mbili pamoja, nazo huliwa kwa muda wa wiki sita. Anayeacha baada ya wiki mbili kwa kuwa amepata nafuu huweza kuugua tena.

Katika majumba ambamo mbuzi huchinjwa kwa Idi au kwa arusi, watoto wasikaribie wakati wa kupasua. Mwenye kupasua avae glavu za mpira na viatu vya kufunika miguu, afunike kila jeraha, na asiukate mfuko wa uzazi bali autoe mzima. Maziwa mabichi, hata ya ngamia, yachemshwe. Mfugaji naye aweza kuwachanja mitamba wachanga kwa msaada wa daktari wa mifugo. Mimba iliyotoka isitupwe jaani, maana katika kivuli na unyevu vijidudu huishi miezi mingi, na mbwa huiburura hadi zizi la jirani. Ifukiwe katika shimo refu pamoja na kondo lake na majani yaliyolowa, tena itiwe chokaa juu.