Kichwa Chako Hakina Hatia

“Kocha, nifanyeje nisinyanyue kichwa?”

Juzi aliuliza mwalimu kutoka Katesh, aliyepanda basi la alfajiri kupitia Babati ili awahi kucheza Arusha Gymkhana kabla jua halijawa kali. Kabla yake aliuliza muuguzi wa Haydom, na kabla ya huyo ni mfanyabiashara wa vitunguu saumu wa Bashay ambaye kila akileta mzigo mjini hupitia Kili Golf, Usa River, na fimbo zake kwenye gari. Watatu hawa hawafahamiani. Swali lao ni moja neno kwa neno, na jibu langu ni lile lile: usifanye chochote. Kiache kichwa.

Najua swali linakotoka. Mchezaji amepiga, fimbo imegusa mgongo wa mpira, mpira umekimbia chini chini hatua thelathini, na kabla haujasimama kedi ameshatoa hukumu: “Umenyanyua kichwa.” Mwenzake wa kundi anaitikia. Hakuna aliyetazama miguu yake wala kiuno wala mikono. Hukumu hiyo imedumu viwanjani kwa sababu haiwezi kukanushwa: kila anayepiga gofu hunyanyua kichwa, wa mpira mbovu na wa mpira mzuri. Ila mpira ukiruka vizuri watu hutazama mpira, na kichwa hakuna anayekikumbuka.

Tuanze na muda. Mpira na uso wa fimbo hukaa pamoja takribani nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Fimbo kushuka kutoka juu hadi kwenye mpira huchukua kama robo ya sekunde. Ukisikia mguso mikononi, mpira umeshaondoka zamani, na kichwa kinachonyanyuka baada ya hapo hakiwezi kuurudia na kuuharibu.

“Lakini kocha, mimi nanyanyua kabla.” Vizuri. Annika Sörenstam wa Sweden alikuwa akigeuza uso kuelekea lengo kabla fimbo haijafika kwenye mpira. David Duval wa Marekani alifanya vivyo hivyo. Wote wawili walikuwa namba moja duniani, na wote wawili wamewahi kumaliza mashimo 18 kwa mikwaju 59 katika mashindano ya kulipwa: Duval mwaka 1999, Sörenstam mwaka 2001. Kama kugeuza uso mapema kungekuwa ndiko kunakokata mpira mgongoni, watu hawa wasingefika popote.

Kinachokata mpira mgongoni ni mahali ambapo fimbo inafikia chini kabisa. Kwa fimbo ya chuma na mpira uliolala kwenye nyasi, sehemu hiyo lazima iwe mbele kidogo ya mpira, upande wa lengo. Uzito wako ukibaki mguu wa kulia (nasema na wanaopiga kwa mkono wa kulia), sehemu hiyo inarudi nyuma ya mpira. Hapo unachimba udongo kwanza, au fimbo inafika kwenye mpira ikiwa imeshaanza kupanda na kuukata mgongoni. Viwiko vikikunjwa wakati wa kupiga, urefu wa mkono na fimbo unapungua na matokeo ni yale yale. Kichwa hakimo katika hesabu hii.

Sasa ona dawa mnazouziwa. Kuna anayemwambia mwanafunzi abane taulo kwa kidevu. Kuna anayesimama mbele na kumkandamizia kishikio cha fimbo kwenye utosi. Kuna ile ya kuhesabu hadi tatu baada ya kupiga ndipo utazame, na hii ndiyo imeenea zaidi kwa kuwa ni bure. Nazipinga zote kwa sababu moja: zinaleta ugonjwa zinaodai kuutibu. Kidevu kikifungwa, bega la kulia halina pa kupita. Bega lisipopita, kifua hakigeuki. Kifua kisipogeuka, uzito haufiki mguu wa kushoto. Na mikono, kwa kukosa njia, inajikunja. Hapo mpira unakatwa mgongoni. Kedi naye anarudi na hukumu yake, na mchezaji anazidi kukaza shingo. Nimewapokea watu waliofanya hivi kwa miaka, na wengi hufika wakilalamikia kiuno, kwa kuwa mwili ulioanza kugeuka kwa kasi unasimamishwa ghafla pale pale mgongo wa chini.

Mtazame kijana anayefukuza nyani kwenye mahindi Dongobesh. Anarusha jiwe, kisigino cha nyuma kinanyanyuka, kifua kinaishia kutazama kule jiwe lilikokwenda, na kichwa kinafuata kifua. Mlazimishe arushe huku kidevu kimeganda kuelekea miguuni, uone jiwe litafika wapi.

Sisemi kichwa kiyumbe ovyo. Wakati wa kupandisha fimbo kitulie, macho yawe kwenye mpira, basi. Kuanzia fimbo inapoanza kushuka, kichwa ni abiria.

Chini ya yote haya kuna imani nyingine, nayo ndiyo mzizi: kwamba mpira lazima unyanyuliwe. Mtu yuko hatua kumi na tano kutoka grini, banka iko katikati, anashika weji ya nyuzi 56, kisha anarudi nyuma na kuukomba mpira kwa viganja ili upande. Nyuzi 56 ni za nini basi? Mlalo wa uso wa fimbo ndio unaopandisha mpira. Kazi yako ni kushuka.

Mnaobaki na maswali ya vitendo, majibu haya hapa kwa haraka. Kwenye kiwanja cha shule chora mstari wa majivu, simama ukiwa umeutanulia miguu, piga bila mpira: alama ya fimbo ardhini ianzie kwenye mstari au mbele yake. Ikianzia nyuma, kosa unalo na umeliona kwa macho yako. Rudia mpaka itii, ndipo uweke mpira. Malizia kila pigo ukiwa umesimama mguu wa kushoto, mkanda ukitazama lengo.

Chipu: miguu karibu, uzito kushoto tangu mwanzo na ubaki huko, kifua kigeuke pamoja na mikono. Kwenye nyasi za kikuyu, ambazo nyanda zetu za juu ni kwao kwa asili, usipige mpira wa kuburuza. Nyasi zile ni nene, zinaukamata mpira na zinashika fimbo shingoni. Chukua weji, kaza mkono wa kushoto kidogo, shuka kwa mwinuko zaidi, angusha mpira juu ya grini yenyewe.

Banka: Gene Sarazen alishinda Open ya Uingereza mwaka 1932 akiwa na weji aliyoiongezea unene chini ili iteleze mchangani badala ya kuzama. Unene huo unao kwenye fimbo yako. Fungua uso, piga mchanga vidole viwili nyuma ya mpira, usisimamishe fimbo. Pati: ukikosa, mara nyingi umekosea nguvu kuliko mstari, kwa hiyo fanya mazoezi ya hatua kumi kabla ya yale ya hatua moja.

Na umbali. Mnaopima mapigo yenu Mbulu mjini au Katesh mnapima kwenye hewa nyepesi kuliko ya Arusha, na mpira huenda mbali zaidi. Ayani namba 7 iliyokufikisha huko itakupungukia hapa, na ukishuka Lugalo, Dar es Salaam, itapungua tena. Chukua fimbo moja ndefu zaidi, swingi ibaki ile ile.

Mkija tena, njooni na video ya simu iliyopigwa kutoka mbele, ikionyesha kuanzia kifua hadi viatu. Kichwa si lazima kionekane.