Changamwe: Wananchi walipozikagua pesa zao

Msomaji, mnamo Agosti 9, 2022, hapa Mombasa hata nusu ya waliojiandikisha hawakufika vituoni. Ukiuliza sababu, Likoni au Kisauni, wengi watakujibu kwamba wapige kura wasipige, yote ni mamoja.

Je, mashirika ya kijamii yafanye nini? Fulana na mabango tumeyaona, tena ya kutosha! Lakini hebu tutazame Changamwe. Tangu 2003 kila eneo bunge hupata fedha za CDF, na wako waliodhani hizo ni sadaka ya mheshimiwa. Baada ya miaka michache, shirika la MUHURI, lililoanzishwa 1997, liliwafunza wakazi wa kawaida kusoma rekodi za miradi. Kisha wakaenda wenyewe, karatasi mkononi, kuangalia iwapo kilichoandikwa kimejengwa, na kimejengwa vipi. Ngoma na michezo ya kuigiza ikawaita majirani, na wahusika wakaulizwa maswali hadharani. Aliyemuuliza mheshimiwa habari za saruji na mabati hawezi tena kukwambia kura ni kazi bure.

Kuzipata rekodi ndiko kulikokuwa kugumu. Wakati huo Kenya haikuwa na sheria ya kumpa raia haki ya habari, ilipitishwa 2016. Leo wewe na wenzako wa chama mwaweza kuiandikia ofisi ya NG-CDF kuuliza habari za darasa lile lisilokwisha. Sheria yataka mjibiwe ndani ya siku 21.